Nitamchunguzaje daktari wa lipo niliyempata Instagram?

MamaPacha_Umoja

Habari zenu. Nataka kufanyiwa lipo, yaani kunyonywa mafuta ya tumbo. Nina miaka 37, kilo 82, urefu sentimita 163. Watoto ni wawili, pacha, walizaliwa kwa upasuaji, na sipangi wengine. Tumbo limening'inia na mazoezi hayalisogezi. Nimebaki na kliniki tatu, zote nimezipata mtandaoni: ya kwanza iko Kilimani, ya pili Westlands, na ya tatu haisemi iko wapi mpaka uwaandikie WhatsApp. Zote zina picha za kabla na baada, zote zina wafuasi kwa maelfu. Hiyo ya tatu inanipunguzia bei nikilipa nusu kabla ya Ijumaa, na wanasema watafanya lipo na BBL, yaani kuhamishia mafuta hayo makalioni, siku hiyohiyo, naingia asubuhi natoka jioni.

Swali langu: mtu mwenye simu na bando tu anamchunguza vipi daktari wa urembo? Naanzia wapi, natafuta nini, na nikiona nini nikimbie? Tafadhali, wa kuniambia niukubali mwili wangu ulivyo, hilo nimeshalisikia.

Mchunguzi_Ngara

Mama Pacha, anza na jina. Picha zitangoja. Ukurasa unaosema "timu yetu ya wataalamu" haujakuambia kitu. Waulize: nitapasuliwa na nani, kwa majina yote kama yalivyo kwenye leseni yake? Anayekujibu kwa kukutajia bei, mrudie mara moja tu, kisha mtoe kwenye orodha.

Ukilipata jina, fungua kmpdc.go.ke, tovuti ya baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno hapa Kenya. Kuna madaftari mawili yaliyo wazi kwa kila mtu: la madaktari na la vituo vya afya. Kwenye la madaktari andika kwanza jina la ukoo peke yake. Wapo waliosajiliwa kwa jina la cheti cha chuo na mitandaoni wanatumia lingine, hasa akina mama walioolewa baada ya kufuzu, kwa hiyo ukikosa mara ya kwanza usiseme umemnasa tapeli. Leseni hukatwa kila mwaka na huisha tarehe 31 Desemba. Ukitafuta mwanzoni mwa Januari utakuta ambao mwaka mpya haujaonyeshwa bado. Hapo piga simu barazani, usikisie.

Watu wengi huteleza hapa: wanaliona jina, wanafurahi, wanalipa. Jina kuwa humo maana yake ni kwamba mtu huyo ni daktari, basi. Aliyetoka intaniship, mafunzo ya kazi hospitalini, juzi pia yumo. Unachotafuta ni safu ya ubingwa, na kwa tumbo lako ubingwa huo ni upasuaji wa plastiki. Njia ya kuufikia ni MBChB, shahada ya kwanza ya udaktari, mwaka mmoja wa intaniship, kisha MMed, shahada ya uzamili, ya upasuaji wa plastiki au ufelo wa COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Baada ya hapo baraza humtambua kuwa bingwa, na utambuzi huo ni hatua tofauti na usajili wa kawaida. Kwa sehemu nyingine za mwili kuna mabingwa wengine wanaofaa: kwa pua, bingwa wa masikio, pua na koo; kwa kope, bingwa wa macho aliyejikita kwenye kope; kwa taya, mpasuaji wa taya na uso. Lakini "daktari wa urembo", "mtaalamu wa kuchonga mwili" na diploma ya siku chache kutoka ng'ambo si ubingwa, hata fremu ya cheti iwe ya dhahabu.

Daftari la pili ndilo watu hulisahau. Litafute jina la kituo, na uangalie kiwango chake. Level 2 ni zahanati na kliniki za kutibu na kwenda nyumbani. Hospitali zenye wadi na thieta kamili kwa kawaida huanzia Level 4. Daktari bingwa halisi anaweza kukupasulia mahali ambapo hapana leseni ya kufanya kazi hiyo, na ubingwa wake hautaleta benki ya damu mle ndani. Angalia pia kama jina la kibandiko mlangoni ndilo lililo kwenye leseni. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi kilichotundikwa ukutani si leseni ya afya. Hicho hata kinyozi anacho.

Baada ya hapo, kwa haraka: uliza kama ni mwanachama wa KSPRAS, chama cha wapasuaji wa plastiki Kenya, kisha uthibitishe na chama chenyewe. Andika jina lake kwenye tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama, uone kama kuna kesi, na ukiikuta isome yote, maana kushtakiwa si kushindwa. Kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba CR12 ya kampuni ili ujue wenyewe ni akina nani. Na siku ya kulipa, M-Pesa itakuonyesha jina la mwenye Till, nambari ya kulipia, kabla hujathibitisha. Likija jina la mtu badala ya kituo, usibonyeze.

PichaHazidanganyi254

Nyongeza kuhusu hizo picha, kwa sababu ndizo zinazouza.

Kwanza zijaribu kwa Google Lens. Piga picha ya skrini, kata nembo ya kliniki na maandishi yote ubaki na mwili tu, ndipo utafute. Nembo ikibaki, utafutaji hurudisha ukurasa uleule. Zikija kutoka kliniki ya Bogotá au Miami, kazi imekwisha.

Zikipita hapo, zitazame kama fundi. Mwanga wa picha ya kabla hutoka juu, ukaweka kivuli chini ya kila mkunjo. Wa baada hutoka mbele, ukafuta kila kitu. Kabla amelegeza tumbo na mabega yameanguka, baada amevuta pumzi na mikono imeinuka. Chupi ilikuwa ya chini, sasa ni ya juu, na kovu la upasuaji wa kukaza tumbo limejificha palepale. Tazama mistari ya vigae au fremu ya mlango karibu na kiuno: ikijipinda, programu imepita hapo. Picha iliyopigwa juu ya kitanda cha thieta haina thamani yoyote, kwa sababu mwili bado umejaa maji waliyodunga na adrenalini imebana mishipa. Kwa lipo na kukaza tumbo unataka picha za miezi 6, na bora zaidi za miezi 12, ndipo uvimbe umeisha na kovu limetulia.

Waombe hivi: wateja watatu wenye mwili kama wako, waliozaa, wenye ngozi nyeusi, kila mmoja mbele, ubavuni na kwa nyuzi 45, na miezi iliyopita iandikwe. Daktari anayefanya kazi hiyo kila wiki anazo. Huenda asikutumie kwa WhatsApp, na ana haki kwa sababu ni siri ya mgonjwa, lakini atakuonyesha ukienda kumwona.

Maoni ya wateja kwenye Google Maps yapange kwa mapya kwanza. Nyota tano ishirini ndani ya wiki moja, kisha kimya miezi mitano, ni za kununuliwa. Bonyeza jina la mwandishi: akiwa amesifu pia duka la vigae Karachi na daktari wa meno Houston, unajua. Soma zaidi nyota mbili na tatu, hizo ndizo huandikwa na watu waliokuwepo. Halafu soma kliniki inavyojibu lawama. Ikimjibu mteja kwa kumwaga hadharani habari za ugonjwa wake, uzito wake au malipo yake, ndivyo na wewe utakavyofanyiwa.

Instagram ina sehemu ya kuonyesha akaunti ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Facebook pia, na huonyesha hata nchi waliko wanaoiendesha. Ukurasa uliokuwa ukiuza wigi ukageuka kuwa wa lipo haujasomea upasuaji. Na usisome maoni yaliyo chini ya machapisho yao, hayo wanayafuta. Fungua picha ambazo wengine wamewatagi.

Sista_Thieta

Mmesema vizuri, lakini mmemtazama mpasuaji peke yake. Thieta ina mtu mwingine, na kwa usalama wako yeye ni muhimu sawa na mwenye kisu: anayekulaza na kukuamsha.

Uliza: nusukaputi nitapewa na nani, na atakaa chumbani mwanzo hadi mwisho? Jibu zuri ni jina la daktari wa nusukaputi, ambaye naye utamtafuta kwenye daftari la KMPDC. Kenya pia ina maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea nusukaputi, ni kazi halali, na mabaraza yao yana madaftari yao. Jibu baya ni "daktari atafanya yote mwenyewe" au "ni ganzi kidogo tu, hatuhitaji". Mtu aliyeinama anavuta mafuta hawezi pia kutazama kama unapumua.

Hiyo "ganzi kidogo" nataka niieleze kwa hesabu, maana ndipo wateja wanapouziwa uongo. Kwenye lipo hudungwa maji mengi chini ya ngozi yenye lignokaini na adrenalini. Mchanganyiko wa kawaida ni miligramu 500 za lignokaini na miligramu 1 ya adrenalini kwa lita moja ya maji ya chumvi. Kiwango ambacho wapasuaji wengi wa plastiki hawapiti ni miligramu 35 kwa kila kilo ya mwili. Ipo miongozo ya madaktari wa ngozi inayofika 55. Wewe wa kilo 82, kwa 35 ni miligramu 2,870, yaani lita 5.7 za mchanganyiko huo. Sasa mtu achukue chupa ya lignokaini ya asilimia 2 akidhani ni ya asilimia 1, ujazo uleule wa mililita 50. Lita moja inakuwa na miligramu 1,000, na mpaka wako umeshuka hadi karibu lita 2.9 bila yeye kujua. Matokeo ni midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, degedege, kisha moyo.

Na dawa hiyo haifiki kileleni mwilini ukiwa mezani. Inanyonywa polepole, na kilele chake huja takriban saa 12 baadaye. Ukiruhusiwa jioni, kilele kinakukuta kitandani kwako Umoja usiku wa manane. Ndiyo sababu, kama wanapanga kutoa zaidi ya lita 5 kwa jumla ya mafuta na maji, unalala hospitali ukiangaliwa usiku kucha. Waulize wanatarajia kutoa lita ngapi. Anayejibu "tutatoa yote" hajui anachofanya.

Vitu vya kuuliza kama vipo mle thieta: oksimita ya kupima oksijeni kwenye damu, mashine ya kupima presha yenyewe, ECG ya kufuatilia mapigo ya moyo, kapnografu inayoonyesha hewa unayotoa, oksijeni ya akiba, kifaa cha kushtua moyo, na mafuta ya mshipani ya asilimia 20 ambayo ndiyo dawa ya sumu ya lignokaini. Jenereta pia, umeme wetu mnaujua. Kisha: nikizidiwa napelekwa ICU gani, na mna makubaliano nao kwa maandishi? "Tunaita ambulansi" si mpango. Jioni, kutoka Westlands hadi Upper Hill, msongamano wa magari hauna huruma kwa mgonjwa.

Kuhusu BBL siku hiyohiyo. Kikosi kazi cha madaktari wa urembo kilichochapisha matokeo yake mwaka 2017 kilikadiria kifo kimoja kwa takriban wateja 3,000, idadi kubwa mno kwa upasuaji wa urembo. Chanzo kimeeleweka: mrija unaingia ndani ya msuli wa tako, unachana mishipa mikubwa iliyoko huko, mafuta yanavutwa ndani ya damu na kuziba mapafu na moyo. Mwongozo wa tangu 2018 ni mafuta yawekwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi. Florida, ambako vifo vilikuwa vingi, tangu 2023 sheria inamtaka daktari atumie ultrasound kuona ncha ya mrija iko wapi. Muulize wako anajuaje ncha iko wapi. "Uzoefu wa mkono" ni jibu la zamani.

Mwaka 2024 KMPDC ilifunga kliniki hapahapa Nairobi baada ya mteja kufa kufuatia lipo. Kwa hiyo punguzo la Ijumaa, dada, liache lipite.

Kevo_Embakasi

Kwa nini mnajisumbua hivi? Uturuki ni bei nafuu, wamezoea, na hoteli imo ndani ya bei. Shida iko wapi?

Sista_Thieta

Kevo, wapo wazuri sana huko, na uchunguzi ni uleule ila kwa madaftari yao. Kituo kinachopokea wagonjwa wa nje lazima kiwe na kibali cha utalii wa matibabu cha wizara yao ya afya. Uingereza utatafuta kwenye daftari la mabingwa la GMC, baraza lao la madaktari, Marekani kwenye bodi ya wapasuaji wa plastiki. ISAPS, chama cha kimataifa cha wapasuaji wa plastiki wa urembo, nacho kina orodha ya wanachama wake duniani.

Shida iko kwenye kurudi. Istanbul hadi Nairobi ni karibu saa 7 za kukaa, na upasuaji wa tumbo ni mojawapo ya zile zinazogandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Donge likipanda mapafuni uko angani. Mirija ya kutoa maji tumboni huondolewa yanapopungua chini ya mililita 30 kwa siku, na huenda ikachukua wiki au zaidi. Kifurushi cha siku tano kinamaanisha unaondolewa mapema au unapanda ndege nayo. Maji yakijikusanya tena ukiwa Embakasi, unatafuta daktari ambaye hakukupasua, hajui ulishonwa vipi, na wengi wao husita kuigusa kazi ya mwingine. Piga hesabu ya hiyo safari ya pili kwanza, ndipo useme nafuu.

MamaPacha_Umoja

Asanteni sana. Nimefanya hayo. Ya tatu nimeiacha. Ya Kilimani daktari yuko kwenye daftari lakini ni wa jumla. Ya Westlands ni bingwa wa plastiki kweli, leseni ya mwaka huu, na anapasulia kwenye hospitali ya Level 5, si pale kliniki. Nina miadi ya kumwona. Je, niulize lipo au kukaza tumbo? Na niende na nini?

Kisu_Kidogo

Hongera kwa kufika hapo. Usiende ukiwa umeshachagua upasuaji, nenda na tatizo, umwone anavyolichambua. Lakini kuna vitu unaweza kuviangalia nyumbani.

Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo kama anayetaka kuamka, na ubonyeze vidole juu ya kitovu. Kukiwa na bonde linalopitisha zaidi ya vidole viwili, misuli ya tumbo iliachana wakati wa mimba, na kwa pacha hilo ni la kawaida. Lipo haiunganishi misuli. Kisha simama uiname mbele kidogo: ngozi ikining'inia kama pazia, lipo itaondoa mafuta na kuacha ngozi tupu inayoning'inia zaidi. Na kama tumbo ni gumu, la duara, na hulishiki mkononi, mafuta mengi yako ndani kuzunguka utumbo, ambako hakuna mrija unaofika. Kwa ulivyoeleza, dalili zako zinaelekea kukaza tumbo, labda na lipo kidogo ubavuni. Daktari anayesema "lipo tu" bila kukulaza na kukushika tumbo hajakuchunguza.

Akikushika, atafute ngiri ya kitovu na kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, na akiwa na shaka akutume ultrasound. Hii si ya kupuuzwa. Mrija wa lipo ukikutana na ngiri ambayo hakuna aliyeijua hutoboa utumbo, na dalili hujitokeza siku mbili tatu baadaye: homa, tumbo kuuma na kujaa, moyo kwenda mbio.

Uzito wako kwa urefu huo ni BMI, kipimo cha uzito kwa urefu, ya karibu 31. Wengi wetu wapasuaji kwa kukaza tumbo tunataka chini ya 30, kwako ni kushuka hadi kilo 79, kisha uzito utulie kwa miezi sita. Kidonda cha mtu mzito hufunguka kwa urahisi na maji hukusanyika zaidi. Anayekukubali bila hata kukupima kwenye mizani, jiulize anaharakia nini.

Beba orodha ya dawa zote, na namaanisha zote. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu. Aspirini, na vidonge vya kitunguu saumu na jinseng, huongeza kuvuja. Sigara, vepu na shisha huziba mishipa midogo ya ngozi, na ngozi ya tumbo iliyoinuliwa hufa katikati, chini ya kitovu. Acha wiki 4 kabla na 4 baada, na usimdanganye daktari. Ukiwa kwenye sindano za kupunguza uzito kama Ozempic, sema. Zinachelewesha chakula tumboni, na unaweza kutapika ukiwa usingizini chakula kikaingia mapafuni hata kama ulifunga saa zote. Mwongozo wa Marekani wa 2023 ulisema sindano ya kila wiki iachwe wiki moja kabla. Wa 2024 ukawaachia madaktari waamue kwa kila mgonjwa. Daktari wa nusukaputi ndiye wa kuamua, si wewe na rafiki yako.

Sema pia kama ukitoboa sikio au kukatwa kidogo kovu huvimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kwa ngozi zetu hilo ni swali la kwanza. Mwulize ana mpango gani: plasta za silikoni saa 12 kwa siku au zaidi kwa miezi miwili mitatu, zikianza kidonda kikishafunga, na sindano za steroidi kovu likianza kuinuka. Kama hakuuliza yeye, uliza wewe, na uangalie uso wake.

Maswali mawili ambayo sisi wenyewe tungemwuliza mwenzetu: upasuaji huu hasa umeufanya mara ngapi mwaka uliopita, na tatizo gani lilikupata mara nyingi zaidi? Mpasuaji wa kweli atakuambia maji kujikusanya, kidonda kufunguka pembeni, ganzi ya ngozi chini ya kitovu, na atakuambia anavyoyatibu. "Sijawahi kupata tatizo" husemwa na mtu asiyepasua, au asiyefuatilia wagonjwa wake.

Wakili_Buruburu

Nije kwenye karatasi, kwa ufupi.

Bei iwe ya maandishi na ivunjwe: ada ya mpasuaji, ya nusukaputi, thieta, kitanda kwa kila usiku, vipimo vya damu, dawa, vazi la kubana, miadi ya kurudi, na kurekebisha kama haikukaa sawa. Hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana. Uliza nani analipa thieta ya marudio, maana daktari huweza kusamehe ada yake lakini hospitali haisamehi. SHA, bima ya afya ya serikali, hailipii urembo, na sera nyingi za bima binafsi huondoa urembo pamoja na matatizo yanayotokana nao, kwa hiyo siku mbili za ICU ni za mfuko wako. Soma sehemu ya visivyolipiwa kwenye sera yako kabla, si ukiwa kitandani. Sharti la kurudishiwa malipo ya kwanza ukiahirisha kwa homa au mimba nalo liandikwe.

Fomu ya idhini usiisaini asubuhi ya upasuaji ukiwa na gauni la thieta. Iombe siku kadhaa kabla, uende nayo nyumbani. Jina la mpasuaji liwe limeandikwa, na kama kuna kifungu cha "au daktari mwingine atakayeteuliwa", kikate na mtie saini pembeni nyote wawili. Aina ya upasuaji iwe mahususi. "Kuchonga mwili" inaweza kumaanisha chochote.

Idhini ya picha iwe karatasi tofauti. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya yako ni data nyeti, na unaweza kukataa picha kutumiwa kwenye matangazo bila kunyimwa matibabu. Ukikubali leo na kubadili nia kesho, una haki ya kuondoa idhini. Kliniki inayotoa punguzo ili ikurekodi TikTok inanunua picha yako, nawe ijue thamani yake.

Baada ya upasuaji omba nakala ya maelezo ya thieta na muhtasari wa kuruhusiwa kabla hujatoka getini: lita zilizotolewa, dawa na vipimo vyake, mirija mingapi, nyuzi gani. Anayeweka matiti au kifaa chochote cha silikoni apewe kadi yenye nambari ya kifaa, na aipige picha. Mwaka 2019 Allergan iliondoa sokoni duniani kote matiti yake ya silikoni yenye uso wa mkwaruzo kwa sababu ya saratani adimu ya limfu, na asiyekuwa na kadi hakuwa na njia rahisi ya kujua kama yake yalikuwa miongoni mwa hayo.

Wakikunyima nakala, andika barua, ipigwe mhuri wa kupokelewa, ukae na yako. Wasipojibu, malalamiko dhidi ya daktari au kituo hupelekwa KMPDC kwa maandishi, na ya data kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuwaandikia wote wawili kwa pamoja. Ambatisha risiti za M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp ukiyahamisha yote kutoka kwenye simu kama faili moja, si vipande vya picha za skrini, ili tarehe na nambari zionekane.